Mama Mdogo Nsimire na Disketi za Mwisho

Mapendo mwanangu,

Mambo ya chakula, ya kufua, ya mlango na kufuli, na ya watu wa kuogopa mjini, mama yako amekwisha kukuambia, tena vizuri kuliko ningekuambia mimi. Siyarudii. Ninakuandikia kwa sababu juzi tukiwa tunakula uliniuliza swali fupi nikashindwa kulijibu, na mimi ni mtu ambaye kambi nzima ya Nakivale inalalamika kwamba hashindwi kujibu.

Ulikuwa umesema tu kwamba ukifika Mbarara utafikia mtaa wa Nyamityobora kwa mama mdogo Nsimire, mpaka upate chumba karibu na duka la kompyuta litakalokuajiri. Nikaweka tonge chini nikasema, "Kwa mwizi?" Hukupandisha sauti. "Baba, aliiba nini?" Mama yako akaacha kutafuna akanitazama. Nikasema mboga ya sombe imezidi chumvi, nikainuka, nikatoka nje. Sombe haikuzidi chumvi.

Jibu ni kwamba hakuiba kitu. Ningeweza kuishia hapo na barua ikawa fupi. Lakini kesho unaondoka na lile sanduku langu la bati, umekwisha kuwaahidi watu wa mbali kwamba ndani yake kuna seti kamili za programu za kale za mtandao, na umeahidi kwa jina lako. Ahadi hiyo umeitoa kwa sababu mimi nilikudanganya. Kwa hiyo lazima ujue yote kabla hujafungua sanduku hilo mbele ya mtu.

Nianze na kazi yenyewe. Bukavu nilikuwa na duka dogo la kompyuta. Siku hizo kompyuta za ofisi moja hazikujuana. Mtu akitaka kumpelekea mwenzake barua ya chumba cha pili, aliichapa, akainuka, akatembea nayo. Kazi yetu ilikuwa kuzifanya mashine zizungumze. Tulipanda darini tukavuta kebo kati ya panya na vumbi, tukafunga kadi ya mtandao ndani ya kila kompyuta, kisha tukaweka programu kwenye mashine moja kubwa, seva, ambayo nyingine zote ziliitegemea. Programu hiyo ilikuja kwa disketi, zile bapa za plastiki ambazo ninyi mnazijua kama kipicha cha kubonyeza mkitaka kuhifadhi. Unaingiza ya kwanza, mashine inaisoma kwa kukwaruza, inaomba ya pili, unaitoa, unaingiza, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na ile ya mwisho ndiyo yenye leseni. Ukiikosa, seva inawaka vizuri, taa zinapepesa, kila kitu kinaonekana kimekamilika, ila haimruhusu mtu yeyote kuingia.

Sisi mafundi wa Bukavu tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika na kila mmoja aliifuata. Disketi ya mwisho haikai na nyingine. Mteja unamwachia nakala ya seti, kwa sababu anataka kuona boksi limejaa, lakini ya mwisho unaondoka nayo. Mashine ikianguka, atakuita wewe, si fundi mwingine. Na unayemfundisha kazi akitaka kwenda kufungua duka lake, ataondoka na kila kitu isipokuwa hicho. Tulisema tunashika mkia. Tulisema tukicheka, kwenye bia. Sikuandikii haya ili useme kwamba basi wote walifanya hivyo. Wenzangu wengi walishika mkia wa seti mbili tatu. Mimi nilishika wa kila seti iliyopita mikononi mwangu, hata za programu ambazo hakuna mteja aliyekuwa nazo, hata za zile nilizokuwa nakusanya kwa mapenzi tu kwa sababu zilikuwa zinapotea.

Nsimire alikuja kufanya kazi dukani alipomaliza shule. Yeye ni mdogo wa mama yako wa tumbo moja, na kama umeshawahi kumwona akifungua mashine basi hunihitaji nikuelezee mikono yake. Utakapotazama zile disketi utaona maandishi madogo yaliyonyooka kwenye karatasi zilizobandikwa: jina la programu, namba ya disketi, mahali ilikofungwa. Kiwanda cha chai. Ofisi ya parokia. Depo ya bia. Watu wakisifu mwandiko huo, mimi hukaa kimya, nao huondoka wakidhani ni wangu. Ni wake.

Tulikuwa tunataniana sana. Siku moja amepiga magoti mbele ya seva, jasho linamtiririka, akaniita.

"Shemeji, hii mashine iko inaniomba ya mwisho. Iko fasi gani?"

"Iache. Nitakuja mwenyewe."

"Kila mara utakuja mwenyewe. Siku utakufa, batu batafanya namna gani?"

"Siku nitakufa batakuja kulia. Hawatakuja kutafuta disketi."

"Balie nini, na mashine yabo imekufa?" akasema, na mama yako aliyekuwa mlangoni akacheka mpaka akakaa chini.

Nilicheka pia. Usiku huo nilizihamisha disketi za mwisho kutoka kwenye droo ya duka nikazipeleka nyumbani, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Kisha ikatokea ile safari ya Uvira. Nilikuwa nimeandika makala ndefu kwa gazeti dogo la kule, nikidai kwamba ujuzi wa mashine usifungiwe na wenye fedha, kwamba anayeficha namna ya kutengeneza kitu ni sawa na anayezuia maji ya mto. Waliikata nusu. Nikapanda gari kwenda kugombana nao, nikakaa huko siku kadhaa nikigombana, kwa sababu nilikuwa nashinda. Nikiwa huko, hospitali moja ndogo ya mlimani ikatuma mtu dukani. Seva yao ilikuwa imekufa. Faili za wagonjwa zilikuwa ndani, na hesabu ya dawa, na hakuna aliyejua ni nani alikuwa amepewa nini. Nsimire akamwendea mama yako. Mama yako akatoa kopo.

Alipanda mlima, akaifunga seva upya, akaimaliza, watu wakaingia kwenye faili zao. Aliporudi alinakili kila disketi ya mwisho iliyokuwa kwenye kopo, akarudisha zangu zote zilivyokuwa. Alimwambia mama yako, "Kama hili kopo litaanguka mu maji, kazi yote imekufa." Hiyo ndiyo dhambi yake nzima. Sijaacha kitu.

Nilirudi Jumamosi nikayasikia. Jumapili, watu walipokuwa wanatoka kanisani, nilisimama uani nikamwita mwizi. Sikumwita pembeni. Nilisubiri mpaka padri mwenyewe awe ametoka. Nilizungumza juu ya uaminifu, juu ya damu ya ukoo, juu ya kazi ya mtu ambayo ni jasho lake. Nilizungumza vizuri, Mapendo. Watu walitikisa vichwa. Yeye aliniacha nimalize, kisha akasema, "Shemeji, nimeiba nini? Kopo si liko pale pale?" Unaona, swali lako si jipya. Na siku hiyo pia sikulijibu, niliongeza sauti tu. Aliondoka Bukavu kabla ya mvua kuanza. Mama yako akawa na dada ambaye hatajwi nyumbani mwake mwenyewe.

Baada ya hapo nilizificha upya disketi za mwisho, darini, chini ya ubao ambao niliupigilia misumari. Sikumwambia mama yako ni wapi. Nilitaka ajue kwamba simwambii.

Vita vilipofika mtaani kwetu mimi nilikuwa upande wa pili wa mji na njia ilikuwa imefungwa. Mama yako alikuwa peke yake na wewe ulikuwa mgongoni. Alikuwa na muda wa kuchukua mzigo mmoja wa kichwani. Alikuwa na sufuria mpya, zile za mwisho za harusi yetu alizokuwa amezitunza. Aliziacha. Alichukua mfuko wa disketi zangu, akatembea nao. Alichukua zote alizojua zilipo.

Tulipatana barabarani baada ya mambo ambayo sitaki kuyaandika, tukafika pamoja Kabazana, mahali wanapopokelewa wakimbizi wa Nakivale. Pale mapokezi askari mmoja wa Uganda akafungua mfuko, akatoa disketi moja, akaigeuza.

"Mzee, hii ni nini? Sinema?"

"Ni programu ya kompyuta."

"Kompyuta iko wapi?"

"Sina."

"Sufuria iko?"

"Hatuna."

Akamgeukia mwenzake. "Sebo, angalia huyu. Amekimbia vita na sinema ya kompyuta, mama hana hata sufuria ya kupika uji." Wakacheka, si kwa ubaya. Mama yako naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kutazama ndani ya mfuko.

Jioni, nyuma ya hema, nilimuuliza, "Na zile za mwisho?"

"Miye ningejua fasi gani? Uliniambia?"

Hakusema kwa hasira. Wewe ulikuwa unanyonya. Sikumwambia asante kwa kubeba zile alizobeba. Ninakuandikia hili kwa sababu ndilo ninalolikumbuka mara nyingi kuliko lile la kanisani. Mwanamke alitembea na mzigo wangu kichwani na mtoto wangu mgongoni, nami swali langu la kwanza lilikuwa juu ya kile ambacho nilikuwa nimemficha. Kisha nikamwomba asimwambie mtu kwamba hazikukamilika. Akasema, "Nani ataniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilihakikisha.

Unajua sehemu inayofuata kwa sababu umekulia ndani yake. Tulipewa kiwanja, tukajenga, na lile sanduku la bati likakaa kwenye kona ya heshima lenye kufuli mbili. Watu wakaanza kuniita Avoka, yaani wakili, kwa sababu ya maneno yangu kwenye mikutano, na sanduku likawa sehemu ya maneno hayo. Niligombana na waliotuletea kompyuta zilizofungwa ili tusiweze kuweka tunachotaka. Niligombana na walioandika kwamba mkimbizi hana kumbukumbu isipokuwa ya vita. Niliwaonyesha sanduku. Nilisema hapa ndani kuna historia ya jinsi watu wetu walivyounganisha ofisi zao kwa mikono yao, kamili, seti kwa seti, kitu ambacho hata makampuni yaliyozitengeneza yamekitupa. Neno "kamili" nililisema sana. Mama yako alikuwa anapita na ndoo au anamimina chai, alilisikia kila mara, na hakuwahi hata kukohoa.

Mhadhiri kijana alitoka Mbarara akaomba kuzinakili kabla hazijaoza. Nilimpa hotuba juu ya wanaokuja kuchukua madini yetu na kutuachia mashimo. Alikuwa Mnyankore wa hapo Rugaaga, baba yake analima ndizi, hajawahi kuchukua madini ya mtu. Aliomba radhi, maskini, akaenda. Ukaja wewe. Ulikuwa umejifunza mwenyewe, umepata kile kifaa cha kusomea disketi kinachochomekwa kwenye laptop, umewapata watu duniani wanaohifadhi programu za kale na kuzigawa bure ili mashine za zamani ziendelee kufunguka. Ulinieleza kwa upole kwamba bado kuna mahali, kiwanda au hospitali, ambapo kumbukumbu za miaka zimefungiwa ndani ya seva ya aina hiyo, na kwamba disketi moja iliyonakiliwa inaweza kuifungua. Ulikuwa unaniambia mimi kisa cha hospitali ya mlimani bila kukijua.

Nami nikaenda kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya nikaandika, mbele ya watu wazima waliokuona ukikua, kwamba kuna watoto wetu ambao wakijifunza kubonyeza vitufe viwili wanakuwa watumwa wa wazungu wa mtandaoni. Sikukutaja jina. Hapakuwa na haja. Asubuhi ulinipa chai kama kawaida, na macho yako yalikuwa yamevimba, na mimi nikakuuliza kama sukari imekwisha.

Utajiuliza kama niliyaamini yale niliyosema. Niliyaamini. Ninayaamini bado. Ni kweli kuna wanaokuja kuchukua, ni kweli makampuni hufunga milango ya vitu vyao wenyewe na kutuacha nje, ni kweli kumbukumbu zetu huandikwa na wengine. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko ambavyo uongo mtupu ungeniaibisha. Hoja zilikuwa nzuri, nami nilizitumia kama blanketi la kufunikia disketi zinazokosekana. Nimesoma vitabu vingi, nimewashinda watu wengi kwa maneno, na nimegundua uzeeni kwamba mara zote nilipopigana kwa ukali zaidi nilikuwa nalinda kitu ambacho sikutaka kionekane. Sijui kama wengine wako hivyo. Mimi niko hivyo. Ukiniona siku moja nimewaka sana juu ya jambo, uliza tu kwa sauti ile ile ya juzi.

Na ile ahadi yangu ya mkutanoni, ambayo wewe uliniona shujaa kwa ajili yake? Ulikuwa umekaa nyuma, hukusikia jinsi ilivyoanza. Nilikuwa nimesema kwamba ujuzi ni wa wote. Mzee Sylvestre, jirani yetu Mrundi, akanikata. "Avoka, unasema ni wa wote, mbona sanduku lako lina kufuli mbili? Moja ya wezi, na ya pili ya nani?" Watu wakacheka, wanawake wakapiga makofi. Niliona haya, na mtu kama mimi akiona haya hupanda juu zaidi. Nikasema, "Kwa mdomo wangu huu, ninampa binti yangu mkusanyiko wote, kamili, aupeleke Mbarara, aunakili, augawe kwa dunia bure." Makofi yakawa yangu. Wewe ukaja mbio ukanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hujafanya tangu ukiwa mdogo. Nilikuacha unikumbatie.

Usiku ule ule ukawaandikia watu wako. Nilikuona unatabasamu kwenye simu.

Kwa hiyo kaa ukijua: ukifungua sanduku, kila seti itaishia kabla ya mwisho. Si kwamba umepoteza. Si kwamba zimeharibika njiani. Hazikuwahi kuwa humo.

Juzi, niliporudi ndani baada ya ile chumvi, mama yako alikuwa ananisubiri. Aliongea kidogo, kama anavyoongea. Aliniambia kwamba zile safari za kuuza maharage Mbarara, ambazo mimi nilidhani ni za maharage, zilikuwa pia za kumwona dada yake. Kwamba Nsimire alizibeba nakala zake kila alikokimbilia, na anazo. Nikauliza kama angekupa wewe.

"Nilimuuliza," mama yako akasema.

"Akasema nini?"

"Alisema, aje mwenyewe. Na alisema mbele ya batu ulimtukana, mbele ya batu utakuja kusema."

Nikaanza. Nikasema mambo ya familia hayatatuliwi hadharani, nikasema yeye naye angeomba ruhusa kwanza, nikasema kuna namna ya kumwendea mtu. Mama yako akaniacha mpaka nikaishiwa, akasema, "Baba Mapendo, miye nimechoka kuwa dada wa mwizi." Akaenda kulala.

Leo mchana nilikwenda kwa Sylvestre. Nimeamua kwamba Jumapili, nikiwa nimerudi kutoka Mbarara, nitawaambia watu wa hapa kuwa sanduku halijakamilika, na nilitaka nimwambie mtu mmoja kwanza, nione kama mdomo wangu unaweza. Nilidhani atacheka. Hakucheka, alivunja kijiti, kisha akasema, "Sawa, utasema hayo Jumapili. Halafu wakija tena wale wa kutupunguzia mashamba, nani atakusikiliza? Sisi tunakutumia wewe kusema, Avoka. Ukivunjika, tumebaki na nani?" Sikuwa nimewaza hilo. Nilikuwa nimefikiri kwamba aibu hii ni yangu peke yangu, nikitaka naibeba, nikitaka naitua. Kumbe hata katika kusema ukweli nitawapunguzia watu kitu. Nitasema Jumapili hata hivyo, kwenye uwanja ule ule nilipopigiwa makofi. Baada ya hapo watanitumia wakitaka.

Sasa mambo ya disketi zenyewe, kwa kuwa hayo ni kazi na kazi ninaweza kukuambia bila kutetemeka. Joto la bati la paa letu limezitesa. Ukitelezesha kile kibati chake ukaona madoa meupe kama unga kwenye kisahani cha ndani, usiiingize kwenye mashine hata kama ni ile unayoitaka sana. Huo ni ukungu, utachafua kichwa cha kusomea na kichwa kitachafua zote zitakazofuata. Ifungue taratibu, uifute kwa pamba na spiriti, uiache ikauke. Fungua kile kidirisha kidogo cha pembeni ili isiweze kuandikwa juu yake. Nakili nzima nzima kwanza, mambo ya kuchungulia ndani baadaye, kwa sababu baadhi zitasomeka mara moja tu maishani. Piga picha karatasi zilizobandikwa kabla hujazigusa, gundi imekwisha.

Kwenye nyaraka za kuwapelekea watu wako usiandike "kamili". Andika kwamba kila seti imepungukiwa na disketi ya mwisho, na andika sababu: mwenyewe alizificha, akamficha hata mkewe, zikabaki Bukavu. Weka jina langu hapo. Ukitaka kuninusuru ukaandika kwamba zilipotea vitani, utakuwa umesema jambo ambalo kila mtu ataliamini na kulihurumia, na mimi nitakuwa nimekufundisha kushika mkia. Maandishi ya kwenye disketi, andika kwamba ni ya Nsimire. Na zile za mwisho, iwapo siku moja atakubali zitolewe, ziwe kwa jina lake yeye, si langu wala si lako. Usimwombe. Sikutumi. Unakwenda kwake kama mtoto wa dada yake, unafuata kitanda na kazi, na ukianza kuniombea utakuwa umeingia nyumbani kwake kwa niaba yangu. Sitaki uanze maisha yako ukiwa mjumbe wa mtu aliyekosa.

Ndiyo maana kesho tunaondoka pamoja, mimi na wewe. Mama yako amekwisha kujua, amenipigia pasi shati. Sikukuambia usoni kwa sababu ninajijua. Ungeniuliza neno moja, ningekujibu maneno mia, na kufikia neno la hamsini ningekuwa nimeshaanza kujitetea.

Nimeandika ya kumwambia. Mara ya kwanza yalijaa karatasi pande zote mbili, yakaanza na hali ya mafundi wa enzi zile. Nikayachana. Mara ya pili yalikuwa mafupi kidogo, lakini ndani yake kulikuwa na "hata hivyo". Nikayachana. Yaliyobaki ni haya: "Nsimire, hukuiba. Nilikusingizia mbele ya watu kwa sababu uliimaliza kazi bila mimi." Ana majirani wengi hapo Nyamityobora, wanaoanika nguo na kuuza mkaa mlangoni, na nitayasema nikiwa nje, kwa sauti wanayoijua watu wa mikutano yangu, kabla hajanikaribisha. Simuombi disketi. Sitazitaja.

Inawezekana asiseme kitu. Inawezekana aseme mengi, naye anajua kusema, na yote yatakuwa ya kweli. Inawezekana akuvute wewe ndani na kufunga mlango. Akifanya hivyo, ingia, msalimie vizuri, weka mizigo yako, msaidie kama anapika. Mimi nitasimama pale nje muda nitakaoona unafaa, kisha nitarudi Nakivale kwa mama yako. Usitoke kunitetea.

Baba yako